Laiki Mia Tisa, Droo Tupu: Kutafuta Hitilafu Kwenye Ukurasa wa Biashara

Simu ninazopigiwa na wenye biashara huanza karibu zote namna moja: "Ukurasa wangu una shida, hebu njoo uuangalie." Nikiuliza shida gani, nasomewa namba. Laiki zimepungua, wafuasi hawaongezeki, tangazo limekula laki na nusu bila kuonekana kitu. Nikiuliza wiki iliyopita uliuza pea ngapi na hao wanunuzi walikujaje, hapo simu inakuwa kimya. Kwa hiyo kabla hujagusa chochote, fungua daftari la mauzo. Kama huna daftari, hiyo ndiyo hitilafu ya kwanza, na hakuna kitufe cha Instagram kinachoitibu.

Mimi hukagua kinyumenyume. Naanzia kwenye droo ya pesa, narudi kwenye oda, kutoka kwenye oda narudi kwenye mazungumzo, kisha kwa waliobonyeza, na mwisho kabisa ndiyo nafika kwa walioona. Wengi huanza na walioona kwa sababu huko ndiko programu inakoweka namba kubwa zenye rangi. Ukitokea kwenye droo unafika haraka pale mnyororo ulipokatika, na mara nyingi unakuta posti haina kosa lolote.

Laiki zipo, komenti zipo, mauzo hakuna

Huu ndio ugonjwa wa mjini, kwa hiyo tukae nao kidogo. Soma komenti zenyewe, moja baada ya nyingine, badala ya kuzihesabu. Kama nusu yake ni "bei?", "shingapi hiyo?" na "mnapatikana wapi?", watu wanataka kununua na wewe ndiye uliyesimama mlangoni. Mtindo wa "bei njoo DM" una sababu zake: hutaki mshindani ajue bei yako, unataka nafasi ya kupatana, na wengine wanaamini kila meseji inaisukuma posti mbele. Lakini mteja mwenye bando la kuhesabu, aliyepitia viatu vya maduka kumi ndani ya dakika tano, hataandika meseji kumi. Atamwandikia yule aliyeweka bei, kisha atalala.

Niliwahi kukaa na mama mmoja mwenye duka la viatu vya kike Kariakoo, tukafungua DM zake pamoja. Posti ya sendozi za kahawia ilikuwa na laiki mia tisa na ushee. Meseji za kuuliza bei zilikuwa arobaini na moja. Kumi na tisa kati ya hizo hazikuwa zimefunguliwa kabisa. Zilikuwa zimelala kwenye kile kikasha cha maombi ya meseji ambacho mwenyewe hakujua kama kipo. Zilizobaki alizijibu, ila tazama saa: swali limeingia saa mbili usiku, jibu limetoka kesho yake saa tano asubuhi. "Karibu mpendwa, ni 35,000." Kimya. Nikamuuliza, mtu akisimama hapa mlangoni akauliza bei, utamjibu kesho? Akacheka. "Mwanangu, saa mbili usiku nakuwa nimeshafunga duka." Kweli alikuwa amefunga. Wateja wake ndiyo kwanza walikuwa wametoka kazini, wamekula, wameshika simu.

Tulibadilisha mambo manne. Bei ikaandikwa juu ya picha. Saizi zilizobaki zikatajwa. Chini yake yakawekwa maelezo ya duka lilipo, nauli ya bodaboda kwa Dar na gharama ya kutuma mzigo mkoani kwa basi. Na binti yake akapewa simu kuanzia saa moja hadi saa nne usiku, kwa posho, akitumia majibu yaliyohifadhiwa ya WhatsApp Business, ambayo ipo tangu Januari 2018 na haitozwi hata senti. Wiki mbili baadaye mama akanipigia na malalamiko: komenti zimepungua! Zilikuwa zimepungua kweli, maana hakukuwa na wa kuuliza bei tena. Oda ziliongezeka. Ukurasa ulionekana mgonjwa kwenye simu wakati dukani ulikuwa umepona, na ilibidi nimwonyeshe daftari lake mwenyewe ndipo aamini.

Sababu nyingine ya dalili hii ni umati usio wako. Ulifanya shindano la "taga marafiki watatu ushinde mkoba", wakaja watu elfu mbili wapenda mikoba ya bure. Au wanaolaiki ni wauzaji wenzako wanaochungulia. Namna ya kujua: fungua ishirini kati ya waliolaiki, bila kuchagua, uangalie kurasa zao. Inachukua robo saa na inafundisha kuliko grafu yoyote. Kisha geukia namba mbili ambazo watu huzipuuza: waliohifadhi posti na waliomtumia mtu mwingine. Anayemtumia mumewe picha ya kabati la jikoni yuko karibu na kununua kuliko mia waliogonga moyo wakipita. Hata Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, alipotaja Januari 2025 vitu vinavyoipa posti uzito zaidi, alitaja muda wa kutazama, laiki na kutumiana.

Mauzo yapo, takwimu zinasema hakuna kilichotokea

Hii ni hatari zaidi ya ile ya kwanza, kwa sababu humfanya mtu aache kuposti. Anaona namba ndogo, anakata tamaa, halafu baada ya mwezi na nusu duka linapoa na hajui kwa nini.

Fuata njia ya mteja wa kwetu. Anaona rili, anapiga skrinishoti, anamrushia dada yake WhatsApp. Dada anaiweka stetasi. Jumamosi shoga wa dada anaingia dukani na simu mkononi, "nataka kama hii", analipa kwa lipa namba, anaondoka. Katika safari yote hiyo Instagram imeona mtu mmoja aliyetazama kwa sekunde nane. Hata ukiwa na tovuti, linki iliyopitishwa WhatsApp mara nyingi humwandikisha mgeni kama aliyekuja moja kwa moja, kana kwamba aliijua anwani yako kwa kichwa.

Na walio na simu za Apple wana pazia lao. Tangu iOS 14.5, toleo la mfumo unaoendesha simu hizo, ilipotoka Aprili 2021, kila programu hulazimika kumwomba mtumiaji ruhusa kabla ya kumfuatilia nje ya programu hiyo. Watu wengi walikataa. Februari 2022 mkuu wa fedha wa Meta, kampuni yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, alikadiria kwamba jambo hilo lingewagharimu dola bilioni 10 hivi kwa mwaka huo. Kama wao walifungwa macho kiasi hicho, usitegemee takwimu zao zimwone yule shoga wa dada.

Tiba ni za mikono. Ya kwanza ni swali: "Umetuona wapi?" Liulizwe kabla mteja hajalipa, kwa sababu akishalipa anawaza boda wake. Kwenye daftari weka herufi moja tu: I kwa Instagram, T kwa TikTok, W kwa WhatsApp, R kwa rafiki, P kwa mpita njia. Watu watakosea, wengine kila kitu wanakiita Instagram. Haidhuru, unatafuta mwelekeo, hutafuti ushahidi wa mahakamani.

Ya pili ni linki ya WhatsApp yenye maneno yaliyoandikwa tayari. Unaandika wa.me/ kisha namba yako ikianza na 255, bila alama ya kujumlisha wala ile sifuri ya mwanzo, halafu ?text= na maneno unayotaka, penye nafasi unaweka %20. Kwa mfano ?text=Nimewaona%20TikTok. Bayo ya TikTok inapata linki yake, bayo ya Instagram yake, bango la mlangoni lake. Mteja akibonyeza, meseji inakuja ikiwa na jina la kijiji ilikotoka. Wapo watakaofuta maneno hayo na kuandika yao, lakini wengi huituma kama ilivyo, na wewe unaibandika lebo na kuhesabu mwisho wa wiki.

(Neno moja kuhusu namba hizo unazokusanya: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023. Mtu aliyekuuliza bei ya sendozi hajakupa ruhusa ya kumwingiza kwenye kundi la matangazo. Muulize kwanza.)

Waliofikiwa wameshuka ghafla

Shika neno ghafla. Kilichoanguka kwa siku moja, mara nyingi chanzo chake kiko nje ya ukurasa wako. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia sana. Kurasa nyingi za hapa zina shimo kwenye grafu za siku hizo. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa saa sita hivi. Aliyekaa usiku ule kuchambua kosa la kapsheni yake alipoteza usingizi bure. Ndiyo maana nashauri kalenda ya ukutani karibu na mezani: mtandao ulipokatika, duka lilipofungwa kwa msiba, mshahara ulipochelewa kwa watumishi. Miezi sita baadaye hutayakumbuka.

Kama si mtandao, angalia kipimo chenyewe. Mwaka 2024 Instagram iliamua kuweka mitazamo kuwa kipimo kikuu cha kila aina ya posti. Waliofikiwa ni hesabu ya akaunti. Mitazamo ni hesabu ya mara. Mtu mmoja akiitazama rili yako mara tano, kwenye waliofikiwa ni mmoja, kwenye mitazamo ni mitano. Ripoti ya zamani ikiwa na hiki na mpya ikawa na kile, unalinganisha debe na kilo.

Halafu kalenda ya mwezi mwandamo. Mwuzaji mmoja wa kanzu na abaya alinionyesha Aprili 2025 ikiwa imeanguka vibaya ukilinganisha na Aprili 2024, na alikuwa ameshaanza kumlaumu kijana wake wa mitandao. Idi ya 2024 ilikuwa tarehe 10 Aprili. Ya 2025 iliangukia mwishoni mwa Machi. Wateja walikuwa wamenunua, tena vizuri, ila kwenye ukurasa wa Machi wa daftari. Kwa biashara zinazotegemea Ramadhani, linganisha mfungo na mfungo. Machi ya mwaka huu na Machi ya mwaka jana hazijuani.

Kushuka polepole, wiki baada ya wiki, ndiko kunakonirudisha ndani ya akaunti. Naanza na ukurasa wa hali ya akaunti kwenye mipangilio ya Instagram, ambao hukuambia kama kuna posti iliyozuiwa isipendekezwe kwa wasiokufuata. Kisha natazama video zenyewe. Unazitoa TikTok zikiwa na ile nembo inayorukaruka pembeni? Tangu Februari 2021 Instagram ilisema wazi kwamba rili za namna hiyo haitazipendekeza sana. Rekodi kwa kamera ya simu, hifadhi video safi, ndipo uipandishe kila mahali. Angalia na muziki: akaunti ya biashara haina haki ya nyimbo zote ambazo akaunti ya kawaida inazo, na video iliyozimwa sauti hufa kimyakimya.

Mwisho ni wafuasi wa kununua. Elfu ishirini, na kila posti laiki kumi na nne. Hakuna dawa ya kupendeza hapa. Desemba 2014 Instagram ilifagia akaunti feki na Justin Bieber peke yake akapoteza wafuasi milioni 3.5 hivi, wewe hutasubiri ufagio huo. Anza kuwafuta, au fungua ukurasa mpya uvumilie aibu ya kuanzia sifuri.

Tangazo la kulipia linakula hela

Uliliomba lini likuletee wanunuzi? Mtambo wa matangazo ni mtiifu kupita kiasi. Ukikiambia kitufe cha kuboosti unataka watu watembelee ukurasa, kitakutafutia wale ambao desturi yao ni kutembelea kurasa, wakaondoka. Ukiomba meseji, utaletewa waandika meseji. Na hapo kuna mtego: tangazo la meseji humwekea mtu sentensi tayari ya kugonga. Mwaka jana nilihesabu mazungumzo ya tangazo moja la shilingi 60,000. Programu ilisema arobaini na nane. Ishirini na tisa yalikuwa na sentensi ileile moja ya "naomba maelezo zaidi", na ukijibu, hakuna mtu. Mazungumzo ya kweli kumi na tisa. Waliolipa wanane.

Piga hesabu: 60,000 kugawa kwa 8 ni 7,500 kwa kila mteja. Faida ya pea moja ilikuwa 6,000. Kwa hiyo kila kiatu kilitoka na hasara ya 1,500, huku ripoti ya programu ikijisifu kwa mazungumzo ya bei poa. Daftari likaongeza habari: watatu kati ya wale wanane walirudi kununua tena ndani ya miezi miwili. Jumla pea kumi na moja, faida 66,000. Elfu sita imebaki mkononi. Kwangu mimi hiyo ni kujichosha, lakini angalau sasa tulikuwa tunajua tunajadili nini: kupandisha faida ya pea au kuchuja wanaoandika, kwa kuweka bei kwenye tangazo lenyewe ili asiye nayo apite.

Kabla hujabadilisha chochote, jizuie kwanza. Meta yenyewe inasema tangazo huhitaji matokeo kama 50 kwa wiki ili mtambo uzoee, na kila badiliko kubwa hurudisha mazoezi mwanzo. Anayebadilisha picha asubuhi, umri mchana na bajeti jioni anamfukuza fundi kila anapoanza kushika kazi. Angalia pia eneo. Keki inayofika kwa bodaboda Sinza haina sababu ya kutangazwa Songea.

Programu mbili, namba mbili

TikTok huhesabu mtazamo video inapoanza tu. Facebook kwa miaka mingi ilitumia sekunde tatu. YouTube Shorts nayo, tangu 31 Machi 2025, huhesabu kuanza. Video moja ikiwa na elfu thelathini huku na elfu nne kule, huenda ni watu walewale wa tabia ileile. Waliobonyeza linki daima watazidi waliofika kwenye tovuti, kwa sababu katikati kuna mtandao wa kusuasua na kidole kilichokata tamaa. Tofauti ikizidi nusu, punguza uzito wa picha za tovuti. Na kama unatangaza Facebook na Google kwa pamoja, mauzo mamoja yanaweza kudaiwa na wote wawili. Meta, usipobadilisha, hujipa sifa ya mauzo yaliyotokea ndani ya siku saba tangu mtu abonyeze, au siku moja tangu aone tu.

Wala usidhani namba ya programu haikosei. Septemba 2016 Facebook ilikiri kwamba wastani wa muda wa kutazama video ilioutoa kwa miaka miwili ulikuwa umekuzwa kwa asilimia 60 hadi 80. Kosa lilikuwa la hesabu ya darasani: waligawa muda wote kwa waliotazama zaidi ya sekunde tatu tu, wakawaacha waliopita haraka. Kesi ya watangazaji iliisha 2019 kwa malipo ya dola milioni 40.

Wafuasi kutoka nchi usizoziuzia

Usikimbilie kusema ni feki. Uganda ilifunga Facebook Januari 2021, na watu waliendelea kuingia kwa VPN, programu inayoficha nchi uliyopo. Kwenye takwimu, mteja wako wa Kampala anaweza kuonekana yuko Uholanzi. Hapa Tanzania X (zamani Twitter) nayo ilifungwa Mei 2025. Angalia lugha ya komenti: anayeandika "sasa hii mnaleta mpaka Masaka?" hayuko Amsterdam. Wafuasi wa kununua hawaandiki kitu, au huandika moto na makofi tu.

Influensa amelipwa, simu haikuita

Omba takwimu zake kabla ya kulipa, kwa kurekodi skrini akiwa anazifungua, maana picha ya skrini inahaririwa. Angalia miji. Mwenye wafuasi wa Nairobi hatakujazia saluni ya Mwanza. Mpe neno lake la punguzo, tofauti na la mwingine, na uhesabu kwa neno hilo. Basi.

Umepita yote na bado huoni tatizo

Jinunulie mwenyewe. Mpe jirani simu ya bei ya chini, bando la siku moja na elfu kumi, mwambie anunue kwako kupitia ukurasa, na wewe ukae pembeni usiseme neno. Nilifanya hivyo na mtengeneza keki mmoja ambaye meseji zake zilikuwa zimekauka kwa miezi. Jirani akafungua bayo, akabonyeza linki, akaandika anataka keki ya kilo moja kwa Jumapili. Jibu likaja ndani ya dakika mbili, la heshima kabisa: "Samahani dada, mimi siko pale tena." Linki ilikuwa na namba ya kijana aliyeacha kazi tangu Februari, na maskini alikuwa anawajibu wote.